Siku ya Kuvunja Kalibu

Gari la akina Haugen lililala nje miaka kumi na mmoja. Lilichubuka rangi kwa jua, likanyewa na ndege, kila Novemba likafunikwa na majani ya mti wa jirani, na yote hayo kwa sababu gereji ilikuwa na wenyewe. Wenyewe walikuwa miungu, au watu waliodhaniwa kuwa miungu, wamejipanga rafuni safu kwa safu, wafupi, wanene, macho yamewatoka pima, vinywa wazi, na kila mmoja ana tundu utosini la kumiminia ramu na juisi ya nanasi. Vikombe hivyo, vinavyoiga sanamu za miungu ya visiwa vya Pasifiki, huitwa tiki. Pale Lakewood, California, mtu aliyestaafu akakosa la kufanya anaweza kuumalizia uzee wake wote katika kuvifinyanga, na Duane Haugen alikusudia kufanya hivyo hasa. Mkewe, Arlys, alikuwa na mengi ya kufanya, ila hakuna aliyemuuliza.

"Hii ni burudani ya familia," Duane alipenda kuwaambia wageni, mikono kiunoni, aproni imetapakaa udongo.

Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, ukiyagawanya vizuri. Burudani ilikuwa ya Duane. Familia ilikuwa Arlys.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Duane alichonga sura ya udongo, polepole, wiki baada ya wiki, huku akisikiliza magitaa ya Hawaii na kuomba asisumbuliwe. Sura ikikamilika aliizungushia plasta, ule unga mweupe unaokorogwa kwa maji ukaganda kama jiwe, mpaka akapata kalibu ya vipande viwili vinavyofungana, kisha akapangusa mikono na kwenda kuketi, maana msanii naye ni mtu, huchoka. Hapo ndipo familia ilipoingia. Familia ilikoroga udongo ukawa kama uji mzito, ikaumimina ndani ya kalibu, ikangoja dakika ishirini plasta inywe maji na udongo ushike pembeni, ikamwaga uji uliobaki, ikaifungua kalibu na kumtoa mungu mbichi, laini kama jibini. Ikamkwangua mshono wa ubavuni, ikamfuta kwa sponji, ikamkausha, ikamchoma tanurini, ikampaka rangi ile ambayo moto huigeuza ikang'aa kama kioo. Halafu, kabla mungu hajarudi motoni mara ya pili, Duane aliinuka kitini, akachukua kalamu yake, akatia sahihi chini ya kikombe. Sahihi yake ilikuwa nzuri sana. Alikuwa na muda wa kuifanyia mazoezi.

Arlys hakulalamika. Au tuseme alilalamika kila siku lakini hakuacha kumimina, na kwa waliooana miaka arobaini na mmoja hayo mawili hayapingani. Kumimina ndiko alikokujua. Alizaliwa shambani Dakota Kaskazini, nyumba ya watoto saba na ng'ombe wengi kuliko watoto, akafika California ana umri wa miaka kumi na tisa, na sanduku moja, na anwani ya shangazi ambaye alikwisha kuhama. Akaajiriwa jikoni katika shule ya msingi. Kwa miaka ishirini na minane aliwamiminia watoto wa watu supu ya nyanya bila kumwaga tone, na siku aliyostaafu walimpa kadi iliyokosewa jina. Mtu aliyepitia hayo, uji wa udongo haumtishi.

Duane alimpata kwa jino. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, na Arlys alikuwa amevunjika la mbele kwa kokwa ya tende. Aliyeletewa jino jipya kliniki aliletewa pia kijana mrefu wa kuhakikisha limeingia sawasawa, naye alilitazama lile jino kwa upole mkubwa kuliko alivyomtazama mwenye kinywa. "Limekaa vizuri," akasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza ya mapenzi, na katika ndoa nzima hakuyaongezea mengi.

Meno hayo yalimfuata mpaka gereji. Miungu wa wafinyanzi wengine wana meno matatu, manne, yaliyochongoka, ya kutisha watoto. Miungu wa Duane walikuwa na yote thelathini na mawili, magego ya nyuma yakiwemo, yamepangika hata ungetamani kuyapiga mswaki. Mama Faleafa, Msamoa wa nyumba ya pili, aliwahi kuletewa kimoja kama zawadi. Alikigeuza huku, akakigeuza huku.

"Huyu ni nani?"

"Mungu wenu wa zamani," Duane akasema kwa heshima zote, kama mtu anayemrudishia mwenzake pochi iliyoanguka.

"Wetu?" Mama Faleafa akamgeukia Arlys. "Dada, sisi ni watu wa kanisa, mwambie mumeo. Na huyu hajaja kuabudiwa. Huyu amekuja kung'olewa gego."

Akakipandia ua, akakiweka dirishani pa jikoni. Ua likastawi sana, na Duane akahesabu hiyo kuwa heshima.

Sasa usidhani vikombe hivi ni mchezo kwa wanaovipenda. Hao ni watu wa imani. Wana mashati ya maua ya kuvaa, wana baa za mianzi walizojijengea sebuleni wake zao walipokwenda kuwatembelea mama zao, na wana sheria. Sheria kubwa ni hii: kila sura ya kikombe ina idadi. Mfinyanzi akitangaza sitini, ni sitini. Vikishatoka vyote, waliovinunua hukusanyika uani kwa mfinyanzi, kila mmoja na kikombe chake mkononi, wanakinywea hapohapo, na mbele ya macho yao kalibu hupigwa nyundo. Kuivunja ni kuapa kwamba cha sitini na moja hakitazaliwa. Asiyevunja ni mwizi, na sifa zake zitafika San Diego kabla hajamaliza kuosha glasi.

Duane alikuwa amevunja kalibu kumi, na hakuna aliyowahi kuipiga mara mbili. Alikuwa na mkono, bwana. Pigo moja, plasta unga, na watu wazima wenye pensheni wanapiga magoti majanini kugombania kipande cha pua.

Mwaka huo, mwezi wa Oktoba, daktari akampa Duane jina la ugonjwa. Duane akaliacha jina hilo kliniki na kuja nyumbani na lake.

"Kahawa," akasema mezani. "Nimezidisha kahawa." Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka hata kijiko kikaimba kwenye kisahani. "Na Marva asiambiwe. Wala mtu mwingine yeyote. Umenisikia?"

"Nimekusikia," Arlys akasema. "Hata kijiko nimekisikia."

Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kukaa nyumba moja na mzao wa Wanorwe, watu wa kufa na lao moyoni. Duane aliendelea kunywa kahawa, vikombe vitano kwa siku, ili ile sababu isije ikapotea. Kila Jumanne alikwenda kufanyishwa mazoezi ya mkono, na binti yao Marva, aliyekuwa akishughulikia oda na barua za wateja, aliambiwa kwamba baba anakwenda maktaba. Marva alifurahi. Alisema ni vizuri mzee ameanza kusoma.

Na katikati ya hayo Duane alichonga sura ya kumi na moja. Zamani sura moja ilimchukua wiki tano. Hii ilimchukua miezi minne. Mistari ya mashavuni, ambayo siku zote ilikuwa imenyooka kama reli, safari hii ilikwenda ikiyumba, ikipanda na kushuka, toka sikioni hadi kidevuni. Arlys aliiona, akaendelea kukoroga udongo. Vikombe vilipotoka, wapenzi wa vikombe wakaiona pia. Lyle Pruett, mkaguzi wa bima mstaafu, mtu anayeshika vikombe kwa glavu nyeupe na binadamu kwa mkono mtupu, alikuwa amenunua kikombe namba kumi na nne. Aliandika ukurasa mzima katika mtandao wao. Alisema msanii amekomaa. Alisema huu ni mtindo mpya wa mawimbi, na kwamba ukikitazama kikombe kwa utulivu unaisikia bahari.

Duane aliusoma ukurasa huo mara tatu, kisha akamwita mkewe aje amsomee mara ya nne.

"Bahari," akasema Arlys alipomaliza.

"Bahari," akasema Duane.

Wote wawili waliijua bahari hiyo ilikotoka, na wote wawili wakajitia hamnazo, wakala chakula chao.

Kilichomvunja Arlys hakikuwa mawimbi. Ilikuwa siku aliyoingia gereji akamkuta mumewe anaosha vifaa vyake vya kuchongea. Aliviosha kimoja kimoja, akavifuta, akavipaka mafuta, akavilaza ndani ya kopo la biskuti na kulifunika. Duane Haugen hakuwahi kuosha kifaa chochote tangu aoe. Arlys alirudi jikoni taratibu, akasimama mbele ya sinki, akafungua maji na kuyaacha yatiririke. Sura hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Hakuna aliyehitaji kumwambia.

Basi akataka jambo moja tu katika dunia nzima, yeye ambaye hakuzoea kutaka. Alitaka kalibu ile isivunjwe. Alikuwa ameimimina mara sitini. Aliijua ndani kuliko alivyojua kiganja chake, kila mahali mkono ulipoteleza ukarudi, kila mahali ulipotulia kidogo kabla ya kuanza tena. Vikombe vilikuwa vya watu. Kalibu ndiyo iliyokuwa na mkono wa mumewe ndani yake, na aliupenda mkono ule, pamoja na uvivu wake wote.

Alijaribu kwanza njia ya haki.

"Hii tusiivunje," akamwambia.

"Nini?"

"Tuiweke tu. Sitaimimina tena, naapa."

"Arlys, nimetangaza sitini."

"Najua umetangaza. Umetangaza pia kwamba ni kahawa."

"Kahawa ni yangu," akasema. "Sitini ni ya watu."

Na kwa hilo hakuna wa kumrudisha nyuma, maana mtu akishakuwa mwongo kwa jambo moja huwa mwadilifu wa kutisha kwa mengine yote. Arlys akakata shauri.

Jumanne iliyofuata, Duane alipokwenda maktaba yake ya mazoezi, Arlys alichukua kikombe namba sitini, kilichokuwa cha nyumba, akakipaka sabuni, akakizika nusu kwenye udongo, akakimwagia plasta. Akageuza, akamwaga upande wa pili. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja alifanya kazi ya msanii, na akagundua kwamba haikuwa ngumu kama miguno ya msanii ilivyodai. Plasta mpya ni nyeupe mno, kwa hiyo aliichovya kwenye chai kali ionekane imezeeka kazini. Ilikuwa nyepesi, kwa hiyo aliilowesha inywe maji. Akaifunga kwa mkanda wa mpira kama ile nyingine. Kalibu ya kweli akaiviringisha ndani ya sweta la Duane, akaizika katika sanduku la mapambo ya Krismasi.

Kulikuwa na kasoro moja, naye aliijua. Udongo hunywea. Ukikauka hunywea, ukichomwa hunywea tena, hata kikombe kinachotoka tanurini huwa kidogo kuliko kalibu iliyokizaa, kwa sehemu moja ya nane. Ukikirudisha ndani yake hucheza kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Kumbe kalibu iliyochukuliwa kutoka kikombe kilichokwisha kuchomwa hukikumbatia kikombe hicho barabara, na hivyo ndivyo wezi wote wa vikombe wanavyokamatwa. Arlys alijipa moyo. Duane hupiga mara moja, kalibu inakuwa unga. Nani atapima unga?

Angalieni basi akili za mapenzi. Mwanamke huyu alifanya udanganyifu wote ule kwa sababu mkono wa mumewe umekwisha nguvu, halafu akautegemea mkono huohuo uje umfichie.

Jumamosi mchana watu wakaja, arobaini na ushei, na mashati yao yakipigana rangi hata nyuki wakachanganyikiwa. Marva alisimama langoni na orodha. Mama Faleafa alileta sinia la tambi na nyama, kwa sababu alisema watu wanaokunywa kwenye vichwa vya sanamu mchana wa jua wanahitaji kitu tumboni. Lyle Pruett alifika na namba kumi na nne kifuani na glavu zake mikononi. Kalibu ikawekwa juu ya gogo. Arlys alisimama karibu na mlango wa jikoni, kijasho chembamba kikimtoka mgongoni, akajifanya anakunja vitambaa vya mezani vilivyokwisha kukunjwa.

"Sitini vimetoka!" Duane akapaza sauti, kama ilivyo desturi.

"Sitini tumevipata!" wakaitikia.

Akainua nyundo. Mkono wa kulia ukaanza kucheza, akauwahi kwa wa kushoto, na nyundo ikashuka upande. Haikupiga plasta. Ilipiga mkanda. Mkanda ukakatika, na kalibu ikafunguka vipande viwili juu ya gogo, vizima kabisa, kama daftari.

Watu walipiga makofi ya adabu. "Kahawa," Duane akasema, akicheka peke yake, na kuinua nyundo tena.

"Ngoja, ngoja, usipige!" Lyle akaruka mbele. "Duane, bahati gani hii, haijawahi kutokea! Niache nipige picha. Kikombe na mama yake aliyemzaa." Akainama, akakilaza namba kumi na nne ndani ya nusu ya kalibu, taratibu, kama anayemlaza mtoto.

Kikaingia ndi.

Lyle hakupiga picha. Alikitoa, akakilaza tena. Akajaribu kukisukuma kwa kidole. Hakikucheza hata chembe.

"Kimekaa," akasema kwa sauti ndogo ya mtu anayeleta habari za msiba, na wote waliokuwa karibu wakashusha vinywaji vyao.

"Sasa kikombe kukaa kwenye kalibu yake ni kosa gani?" Mama Faleafa akauliza.

"Mama, mtoto aliyekwisha kukua akirudi tumboni, akakuta pamemtosha, basi yule si mama yake." Lyle akasimama wima. Uso wake ulikuwa umepauka kwa uchungu wa kweli, maana mtu huyu hakuwa na ndugu wala dini nyingine. "Haugen. Ya kweli iko wapi?"

Minong'ono ikaanza huko nyuma, na neno wizi likapita baina ya mashati. Marva aliiangusha orodha yake. Duane aliokota ile nusu, akaigeuza kwenye mwanga, ikitetemeka mkononi mwake, akaitazama kwa muda mrefu, na uso wake ukajaa hasira ambayo Arlys hakuwahi kuiona.

"Nani amefanya mshono huu?" akasema. "Umepinda! Na matundu ya hewa, tazama, moja, mbili, tatu! Plasta imekorogwa kama unga wa keki!"

Ndipo akainua macho, akamwona mkewe mlangoni na vitambaa vyake, na hasira ikamtoka usoni. Akalamba midomo. Na Duane Haugen, aliyekataa kuwadanganya watu kwa kikombe kimoja, akadanganya mbele ya watu arobaini.

"Nimefanya mimi," akasema. "Ni yangu hii."

Arlys angeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Lakini kwa miaka kumi na mmoja mwanamume huyu alikuwa akitia sahihi chini ya kazi ya mkewe, na sasa alitaka kutia sahihi hata chini ya dhambi yake, na kila jambo lina mpaka.

"Mwongo!" akasema, akivitupa vitambaa. "Huyu hajafanya mshono uliopinda tangu azaliwe. Huo ni wangu. Mpeni mtu haki yake."

"Mama?" Marva akasema.

"Wewe, Arlys?" Lyle akashangaa. "Ulitaka kumimina vingine uuze?"

"Nimemimina vikombe mia sita na zaidi, Lyle Pruett. Ukiniletea hata kimoja kingine nimimine, nitakumiminia wewe kichwani. Nimeificha ile ya kweli kwa sababu ndiyo ya mwisho. Hakuna mtindo. Hakuna mawimbi. Hakuna bahari yoyote humo. Ni mkono wake unatetemeka, na hautapona, na wewe ukaandika ukurasa mzima!"

Lyle alikitazama kikombe chake, mashavu yale yenye mistari inayopanda na kushuka, kisha akavua glavu moja, akavua na ya pili, akazitia mfukoni. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

"Baba?" Marva akasema.

"Ni kah..." Duane akaanza. Akautazama mkono wake, ukiendelea na shughuli zake bila kumjali. "Siyo kahawa," akasema.

Marva akaja akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akausikia unavyopiga ndani, akalia hapohapo bila kujificha. Alisema, "Kumbe ndiyo maana hukuwahi kurudi na kitabu hata kimoja," na baba yake akamwambia ndiyo, ndiyo maana.

Kisha Duane akamgeukia mkewe. "Kailete."

Arlys akaenda, akarudi na kitu kizito ndani ya sweta, karatasi za kung'aa za Krismasi zimeganda kwenye sufi. Akaiweka juu ya gogo. Hapo hata asiyejua angejua. Ilikuwa ya manjano kama meno ya mvuta sigara, kingo zimelika, imeshiba maji ya vikombe sitini. Lyle alikilaza namba kumi na nne ndani, kikacheza. Akaitikia kwa kichwa na kurudi nyuma.

Duane akamnyooshea Arlys nyundo, mpini mbele.

"Piga wewe. Mimi nitaifungua tena kama daftari."

"Siwezi."

"Umeweza kutengeneza ya uongo, ya kweli ndiyo ikushinde?"

"Duane, usinitanie mbele za watu."

"Nakutania kwa sababu nikiacha nitalia, na nimevaa shati lenye kasuku."

Watu wengine walicheka, wengine walitazama viatu vyao. Duane akasogea karibu naye, akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu pale ambaye hakusikia.

"Utaifanyia nini, mama? Utaiweka sandukuni. Kila siku utakwenda gereji uifungue uitazame. Na mimi nitakuwa sebuleni najimwagia supu kifuani, nangoja mtu anitazame." Akavuta pumzi. "Mimi sijaisha, Arlys. Iliyoisha ni hiyo. Nitazame mimi."

Akamtazama. Nywele zilikuwa zimemjaa mvi pembeni, hakujua tangu lini. Alikuwa amekonda shingoni. Macho yake yalikuwa yaleyale ya kijana wa kliniki, nayo yalimwogopa, yalimngoja. Tangu Oktoba Arlys alikuwa akiitazama mikono ya mumewe asubuhi mpaka jioni, kijikoni, kwenye vifungo vya shati, kwenye kitasa cha mlango, na wala hakuwahi kuinua macho mpaka kwa mwenye mikono.

"Umekonda," akasema.

"Nilidhani hutaona," akasema Duane.

Arlys akaishika nyundo kwa mikono miwili, akapiga. Pigo la kwanza liling'oa kipande tu. Akapiga la pili, la tatu, la nne, akilia kwa sauti mbele ya watu wote wale, na hakuacha mpaka plasta yote ikawa unga, na hakuna aliyepata hata kipande cha kwenda nacho nyumbani.